SOMO: UCHAKAVU WA CHOMBO NA MKOPO WA BODABODA



Tangu Dodoma ipewe hadhi ya Jiji mwaka 2018, na hasa tangu treni ya umeme kutoka Dar es Salaam ianze kufika hapa Julai 2024, haja ya usafiri wa mjini imekuwa kubwa. Vijana wa Hombolo, Bahi na Chamwino, ambao kilimo cha msimu mmoja wa mvua hakiwatoshi, huomba SACCOS zao mkopo wa pikipiki au bajaji. Ombi hilo ni la haki. Lakini Kamati ya Mikopo isiposhika kalamu kabla ya kuidhinisha, deni litamwangukia mdhamini, naye ni mkulima mwenzetu. Shabaha ya somo hili ni kumwezesha Katibu kulipima ombi hilo.

1. Fedha ya jioni si faida

Tuchukue mfano. Tarakimu zake ni za kujifunzia tu. Kila chama kiweke za kwake. Pikipiki imenunuliwa Sh. 3,000,000, nayo hufanya kazi siku 300 kwa mwaka. Kwa siku huingiza Sh. 25,000, na petroli ni Sh. 9,000. Dereva husema, "Nimepata 16,000." Hajapata bado. Matairi, cheni, breki, oili na ujira wa fundi, vikigawanywa kwa siku, ni Sh. 3,000. Bima, leseni na ada nyingine ni Sh. 1,000. Zimebaki Sh. 12,000.

Kuna gharama nyingine ambayo haidaiwi na mtu yeyote, nayo ni uchakavu. Tuseme baada ya miaka 2 pikipiki hiyo itauzwa Sh. 1,200,000. Thamani ya Sh. 1,800,000 imeliwa katika siku 600, yaani Sh. 3,000 kila siku. Kwa hiyo ujira wa kweli wa dereva mwenye chombo chake ni Sh. 9,000. Asiyetenga hizo 3,000 anakula pikipiki yake kidogo kidogo, kama mfugaji anayeuza mitamba na kuiita maziwa.

2. Muda wa mkopo

Sasa tuseme chombo kimenunuliwa kwa mkopo wenye riba ya asilimia 18 kwa mwaka, ikipigwa juu ya mkopo wa awali. Akipewa mwaka mmoja, atarejesha Sh. 3,540,000, yaani Sh. 11,800 kwa siku. Katika zile 12,000 atabakiwa na Sh. 200. Mtu huyo hawezi kula. Atashindwa kulipa, si kwa uvivu bali kwa hesabu. Akipewa miaka 2, atarejesha Sh. 4,080,000, yaani Sh. 6,800 kwa siku, na atabakiwa na Sh. 5,200. Hapo anaweza kuishi, ingawa kwa kujibana, na siku deni linapokwisha atakuwa na chombo kilichochakaa.

Tukumbuke pia kwamba pikipiki hizi, nyingi zikiwa za India na China, bei yake hufuata thamani ya shilingi yetu. Hata jina "bajaji" tumelitoa kwa kiwanda cha Bajaj cha India. Chombo kijacho huenda kikawa ghali kuliko cha kwanza. Kwa hiyo akiba ya uchakavu ianze mara deni linapokwisha.

3. Kamisheni ya programu za simu

Siku hizi abiria huweza kuita chombo kwa simu. Mwenye programu hamiliki chombo, hanunui tairi, wala hachakai. Yeye hukata kamisheni katika nauli. Mwaka 2022 LATRA iliweka kikomo cha kamisheni kuwa asilimia 15. Aprili mwaka huo kampuni ya Uber ilisimamisha huduma zake nchini, ikarejea Januari 2023 baada ya kikomo kupandishwa hadi asilimia 25.

Tofauti hiyo ina uzito gani kwa dereva wetu wa miaka 2? Iwapo nauli zote zinatoka kwenye programu, na mapato ni yale yale 25,000, asilimia 15 ni Sh. 3,750, atabakiwa na Sh. 1,450. Asilimia 25 ni Sh. 6,250, atapungukiwa Sh. 1,050 kila siku. Programu itamfaa tu ikiwa inamletea safari za kutosha kufidia makato pamoja na mafuta yanayozidi. Haitoshi kuulizwa, "Je, unapata wateja?" Aulizwe, "Baada ya makato, unabakiwa na nini?"

4. Wajibu wa Katibu

Kabla ya kupeleka ombi mbele ya Kamati, Katibu aandike: mapato ya siku, mafuta, matengenezo, ada, kamisheni, na rejesho. Kisichobaki chakula cha familia kisiidhinishwe kwa masharti hayo. Muda urefushwe au mkopo upunguzwe. Mdhamini asomewe hesabu hiyo kabla hajatia saini. Chama chenye lori au trekta nacho kiandike uchakavu katika daftari la mali za kudumu kabla ya kugawa ziada.

Maswali ya majadiliano

(a) Kwa nini asiyetenga uchakavu huona faida isiyokuwapo?
(b) Dereva asiye na chombo humpelekea mwenye chombo "hesabu" kila siku. Ni nani kati yao anayebeba uchakavu, na ni nani anayebeba siku isiyo na abiria?
(c) Pigeni upya mfano huu kwa bei za kijiji chenu. Je, mngeidhinisha mkopo?