VIJANA WETU NA THAMANI YA ELIMU

Katika darsa yetu tumeulizwa: je, vijana wa leo waithamini elimu yao? Muulizaji alikwisha kuwa na jawabu lake, kuwa hawaithamini, na hoja yake ni khabari za maskuli yaliyochomwa moto. Basi na tuipime hoja hiyo kwa insafu.

Mwezi wa Juni 2016, katika skuli ya wavulana ya Itierio, huko Kisii, wanafunzi walitia moto mabweni yao wenyewe. Ikasemwa kuwa walizuiliwa kutazama mpira wa mashindano ya Ulaya. Katika muhula huo maskuli zaidi ya 100 nchini Kenya yalipatwa na moto. Na moto wa bweni hauna mzaha: huko Bombolulu, katika pwani yetu hii, ulitwaa roho za wasichana zaidi ya 20 mwaka 1998.

La ajabu ni kuwa Kisii na Nyamira si nchi ya watu waidharauo elimu. Mashamba yao ni madogo, vilima vimejaa watu, na mzee achumaye majani ya chai na kuuza ndizi huingoja bonasi apate kulipa ada ya skuli. Baba atoa, mwana achoma! Aonaye dharau hapo hakukosea.

Lakini kuna jambo lililotangulia. Mtihani wa kidato cha nne wa mwaka 2015 uliingiliwa na wizi, hata matokeo ya watahiniwa 5,101 yakafutwa. Ni nani waliouza karatasi? Si watoto. Na fedha za kuzinunulia zilitoka mifukoni mwa nani? Waziri wa Elimu wa wakati huo, Bwana Fred Matiang'i, naye ni mzaliwa wa Nyamira, akaifunga milango ya wizi ule. Waliopata alama ya A mwaka 2015 walikuwa zaidi ya 2,600. Mwaka 2016 walikuwa 141. Moto wa Itierio uliwaka baina ya mitihani hiyo miwili, na wako waliosema kuwa ukali huo mpya ndio uliochochea mioto ya mwaka ule. Mwenyezi Mungu ndiye Ajuaye yaliyomo nyoyoni.

Basi kijana huyo athamini nini? Athamini cheti, kwani ndicho alichotuona sisi wazee tukikithamini.

Wala sisi wa pwani tusijione tumesalimika. Marehemu Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, katika gazeti lake la Al-Islah la mwaka 1932, alituhimiza tuishike elimu ya zama zetu. Leo watoto tumewapeleka, alhamdulillahi. Lakini mtoto akirudi, twamwuliza amepata alama ngapi. Akikhitimu chuoni, twapika pilau, wala hatumwulizi maana ya alichokisoma.

Katika darsa ijayo, kila mzazi na aje na mwanawe pamoja na daftari lake moja. Mtoto atatusomesha somo alipendalo, nasi tutakaa chini tumsikilize.