Somo: Dawa za Njozi na Mtu Aliyefungwa na Pombe

Soma kwanza: 1 Wafalme 19:1-21

Vijana wetu wanasikia kwamba huko ng'ambo madaktari wanajaribu kutibu sonona, wasiwasi na ulevi kwa dawa zinazoleta njozi, kama LSD, na silosaibini ipatikanayo katika uyoga wa namna fulani. Wengine wameniuliza kama jambo hili ni la Mungu au la Shetani. Kabla ya kujibu, tujue habari yenyewe.

Bill Wilson alikuwa mtu wa biashara ya hisa huko New York, na pombe ilikuwa imemmaliza. Desemba 1934 alilazwa katika hospitali ya Towns, ambako walevi walipewa dawa yenye mmea wa beladona, mmea uwezao kumletea mtu maruweruwe. Alilia kwamba kama Mungu yupo, ajionyeshe. Akaona chumba kimejaa mwanga, akapata amani. Daktari wake, William Silkworth, hakumwita kichaa, bali alimwambia akishike alichokipata. Tangu hapo hakunywa tena mpaka kufa kwake mwaka 1971.

Je, ni Mungu au ni beladona? Watu wamebishana sana. Mimi naona kilichotokea miezi mitano baadaye kinatufundisha zaidi. Mei 1935 Wilson alikuwa Akron, Ohio, biashara imeharibika, yuko peke yake hotelini. Huku baa, watu wanacheka, huku simu. Ule mwanga haukuwa umemwondolea kishawishi. Alimpigia simu kasisi asiyemjua, Walter Tunks, wa Kanisa la Episkopali, yaani Waanglikana wenzetu wa Marekani, akitafuta mlevi mwingine wa kuzungumza naye. Kwa njia hiyo alikutana na Daktari Bob Smith, naye mlevi. Kwa hao wawili kikaanza chama cha Alcoholics Anonymous, ambacho kimefika hata Afrika Mashariki.

Miaka ya 1950, Daktari Humphry Osmond, Mwingereza, na mwenzake Abram Hoffer waliwapa walevi LSD huko Saskatchewan, Kanada. Walidhani dawa itawatisha waache pombe. Wagonjwa wengi wakasema hawakutishika, bali walijiona walivyo. Wilson mwenyewe aliijaribu mwaka 1956 mbele ya madaktari, akitumaini itawafaa wale wasioweza kuamini. Wenzake wengi hawakupendezwa. Kisha dawa hizi zikaenea mitaani, sheria zikakazwa, na baada ya mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1971 uchunguzi ulilala miaka mingi.

Mwaka 2022 Daktari Michael Bogenschutz na wenzake wa Marekani walitangaza matokeo ya walevi 93. Karibu nusu walipewa silosaibini mara mbili. Wengine walipewa dawa ya kawaida ya mzio. Wote walizungumza na washauri kwa majuma 12. Katika majuma 32, wale wa silosaibini walikunywa kupita kiasi siku kama 10 katika kila 100, na wenzao siku kama 24. Tofauti si ndogo, ingawa karibu wote walikisia sawasawa dawa waliyopewa, na hilo hupunguza nguvu ya jaribio. Lakini angalieni: hata wale wa siku 24 walikuwa wamepunguza pombe sana kuliko mwanzo. Hao hawakupewa dawa ya njozi. Walipewa mtu wa kuwasikiliza.

Tena hakuna aliyeachwa peke yake na dawa. Walitayarishwa, wakalindwa mchana kutwa, wakarudi kuzungumza. Wenye skizofrenia, au walio na ndugu wa karibu wenye ugonjwa huo, hawakupokelewa, maana dawa hizi zaweza kuuamsha. Kijana anayenunua uyoga gizani hakununua matibabu hayo; amenunua hatari yake tu, na sheria kwetu inakataza.

Niongeze jambo moja kwa wenye mgonjwa nyumbani. Mtu anywaye sana kila siku msimfungie ndani na kumkatiza pombe ghafula. Aweza kupata degedege na kufa. Apelekwe hospitali.

Sasa turudi kwa Eliya. Alikaa chini ya mretemu akaomba afe, na Mungu hakumkemea kwa upungufu wa imani. Alimpa usingizi, mkate na maji, mara mbili. Huko Horebu akasikia sauti ndogo ya utulivu. Na baada ya sauti hiyo alitumwa kwa watu, mmoja wao Elisha, aliyeacha ng'ombe zake akamfuata na kumtumikia.

Maswali ya kikundi: Kwa nini sauti ya Horebu haikutosha, hata Eliya akapewa mwenzake? Na mtu wa mtaa wetu akitaka kuacha pombe Jumamosi usiku, atabisha hodi kwa nani? Andikeni majina, mmpe Kasisi.