Nyonga na Njia Zake: Kijitabu cha Nyumbani

Mwambie mtu aonyeshe nyonga yake, naye ataweka mkono ubavuni, pale mkanda wa suruali unapokaa. Alichokishika ni ukingo wa juu wa fupanyonga tu. Kiungo chenyewe kiko chini zaidi na ndani zaidi, nyuma ya kinena, pale paja linapojikunja mtu akichuchumaa. Kwa hiyo nyonga inayougua huuma kinenani, na mara nyingi maumivu hushuka hadi gotini, kwa kuwa zipo neva zinazohudumia sehemu zote mbili. Mtoto anayechechemea huku akishika goti lisilo na uvimbe wala jeraha, apimwe na nyonga pia.

Kiungo

Kila upande wa fupanyonga huanza utotoni kama mifupa mitatu, kisha huungana na kuwa mmoja wakati wa balehe. Mitatu hiyo inapokutana pana shimo la mviringo, na humo huingia kichwa cha mfupa wa paja, mfupa mrefu kuliko yote mwilini, kama mchi ndani ya kinu. Kichwa na shimo vimefunikwa kwa gegedu laini, na kano nene zimevifunga visiachane. Kano ya mbele inahesabiwa kuwa yenye nguvu kuliko kano zote za mwili. Ndiyo inayotuwezesha kusimama kwenye foleni bila misuli kuchoka upesi.

Penye udhaifu ni shingoni. Damu inayolisha kichwa cha mfupa hupanda kwa mishipa myembamba iliyolala juu ya shingo ya mfupa huo. Shingo ikivunjika mishipa inaweza kukatika, na kichwa kikakosa damu kikafa. Bibi akiteleza bafuni, kisha mguu mmoja ukaonekana mfupi, unyayo umegeukia nje, naye hawezi kuuinua, chukulia kwamba amevunjika. Usiuvute mguu, usimkande, usimshike makwapani ukimhimiza ajaribu kutembea. Apelekwe akiwa amelala, kwenye hospitali yenye eksirei. Nyumbani tumezoea kusema “ni uzee” na kumwacha kitandani, na hapo ndipo balaa linapoanza: vidonda vya mgongo, nimonia, damu kuganda miguuni. Kwa wazee walio wengi kulala hivyo wiki hadi wiki ni hatari kuliko upasuaji wenyewe.

Mwenye selimundu anaweza kupata madhara hayohayo ya kichwa cha mfupa bila kuanguka popote, maana seli zilizojikunja huziba mishipa ileile. Maumivu ya kinena yasiyokwisha, au kuchechemea kunakoendelea baada ya maumivu makali ya selimundu kutulia, yasipuuzwe. Picha ya kwanza inaweza isionyeshe kitu. Maumivu yakiendelea, rudini. Pombe nyingi, na dawa za steroidi zinazotumiwa muda mrefu, nazo huweza kukiua kichwa cha mfupa.

Mtoto mwenye homa anayekataa kukanyaga, au mchanga anayelia kila ukimbadilisha nepi na kuuacha mguu mmoja bila kuuchezesha, huenda ana usaha ndani ya kiungo. Hiyo ni dharura. Usaha unaweza kuila gegedu kwa siku chache tu, na kuchua kwa mafuta hakuutoi.

Kumbeba mtoto kwa kanga mgongoni, magoti yamepanuka kumzunguka mama, ni desturi nzuri kwa nyonga zake: kichwa cha mfupa hukaa sawasawa ndani ya shimo lake kiungo kinapokomaa. Kinyume chake ni kumfunga mtoto kwa nguvu huku miguu imenyooshwa na kubanwa pamoja. Mfunike apate joto, lakini miguu iwe na nafasi ya kujikunja na kupanuka.

Njia za mbele na nyuma

Fupanyonga lina matundu na vichochoro, na kila kiendacho mguuni hupita humo. Juu tu ya mkunjo wa kinena kuna njia ya mshazari ambayo korodani za mtoto wa kiume huipitia zikishuka. Ikibaki wazi, au kuta zake zikilegea ukubwani, utumbo husukumwa ndani yake: hiyo ndiyo ngiri. Kwa kawaida uvimbe wake hutokea mtu akikohoa au kunyanyua mzigo, na hurudi akilala. Ukigoma kurudi, ukawa mgumu na wenye maumivu, mtu akatapika na choo kikafunga, utumbo umenaswa. Aende hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku. Ipo pia ngiri inayowapata zaidi wanawake, iliyo chini kidogo ya mkunjo huo, karibu na mshipa mkubwa wa damu wa paja. Huwa ndogo, hufichwa kwa haya, na hunaswa kwa urahisi zaidi.

Nyuma, chini ya misuli ya tako, hupita neva nene kuliko zote mwilini, ielekeayo mguuni. Sindano ikichomwa vibaya takoni inaweza kuijeruhi, na mtoto akabaki anaburuta unyayo. Ndiyo maana chanjo nyingi za sindano za watoto wachanga huchomwa pajani, upande wa mbele kwa nje. Mtu akitaka kumchoma mwanao sindano ya homa takoni dukani, kataa. Una haki hiyo.

Njia ya uzazi

Watu humtazama binti mwenye makalio mapana na kusema atajifungua bila shida. Upana wa nje hauonyeshi upana wa ndani, na ndani ndiko mtoto anakopita. Mlango wa juu wa njia hii ni mpana zaidi kutoka ubavu hadi ubavu, takriban sentimita 13, na takriban 11 kutoka mbele hadi nyuma. Mlango wa chini umegeuka: huko nafasi kubwa ni ya mbele kwa nyuma. Hivyo kichwa cha mtoto, ambacho kikiinama vizuri kina upana wa karibu sentimita 9.5, hulazimika kuzunguka kikishuka. Mama akitembea, akapiga magoti au kuchuchumaa, mifupa hupata nafasi ya kusogea kidogo. Kumlaza chali muda wote humnyima nafasi hiyo.

Msichana wa miaka 14 au 15 huenda ameshafikia kimo chake huku fupanyonga bado linakua. Kichwa cha mtoto wake kikikwama, hukibana kibofu dhidi ya mfupa wa mbele kwa saa nyingi, nyama hukosa damu na kufa, na siku chache baadaye mkojo huanza kuvuja wenyewe. Hiyo ni fistula, si laana wala uchafu wa mwanamke. Akiwahi siku za mwanzo, mpira wa mkojo pekee huweza kuliziba tundu dogo. Likiwa kubwa au la zamani, hufanyiwa upasuaji. Hospitali ya CCBRT jijini Dar es Salaam ni miongoni mwa zinazotoa matibabu hayo, na aliyekaa na fistula miaka mingi bado anaweza kutibiwa.