Misumari, Skrubu na Pini: Kuchagua Vishikizo Sahihi vya Kochi

Familia inaponunua seti ya makochi, huwa imedunduliza fedha za misimu kadhaa ya mahindi, maharage au vitunguu saumu. Kochi hilo likianza kulia na kuyumba kabla ya mwaka kwisha, mnunuzi hupata hasara na fundi hupoteza jina. Mara nyingi lawama huangukia kitambaa au sponji, ilhali kasoro ipo mahali pasipoonekana: katika misumari, skrubu, bolti, pini na gundi zinazoshikilia fremu. Somo hili linawahusu mafundi wa Kata ya Endagikot na wananchi wanaowapa kazi.

Nguvu inaelekea wapi?

Msumari huhimili vema uzito unaoulalia ubavuni, lakini ni dhaifu pale nguvu inapouvuta kutoka katika tundu lake. Mtu anayeegemea nyuma huvuta kiungo cha mgongo wa kochi. Anayejiinua kwa kushika mkono wa kochi huuvuta mkono huo. Viungo hivyo vyahitaji skrubu pamoja na gundi ya mbao, kwa kuwa nyuzi za skrubu huuma ubao. Miguu ya kubandua ifungwe kwa bolti yenye washa, ili nguvu isambae na nati isididimie katika ubao.

Msumari unafaa pale unapobeba uzito kwa ubavu, kama katika vibao vya kuzibia pande. Urefu wake uwe takribani mara mbili na nusu hadi mara tatu ya unene wa ubao unaopigiliwa. Kwa ubao wa inchi 1, msumari wa inchi 2½ unatosha, mradi ubao unaoupokea ni mnene kiasi cha kutoruhusu ncha itokeze. Fundi aepuke kutegemea msumari au skrubu iliyoingia katika kichwa cha ubao, yaani palipokatwa kukingama nyuzi, kwa maana hapo mshiko ni hafifu.

Hali ya ubao

Msumari uliopigwa katika ubao mbichi hushika siku ya kwanza tu. Kiangazi kinapoingia, ubao husinyaa na msumari hulegea. Kwa hiyo mbao za mgrevilea, saipresi au mkaratusi zikaushwe kivulini, zikiwa zimepangwa kwa vijiti katikati ili hewa ipite. Mkaratusi hupasuka upesi. Yafaa kutoboa kwanza kwa keekee tundu jembamba kuliko skrubu, kisha skrubu ipakwe sabuni kavu ili iingie bila kukatika. Misumari iliyonyooshwa baada ya kupinda isitumike kwenye fremu.

Mikanda na kitambaa

Mikanda inayobeba sponji hupokea uzito wote wa anayeketi. Pini zake ziwe na miguu ya milimita 12 hadi 14. Ncha ya mkanda ipigwe pini, ikunjwe, kisha ipigwe tena juu ya mkunjo. Pini zipangwe kwa kupishana, kwani zikifuatana katika mstari mmoja wa nyuzi hupasua ubao.

Kwa kitambaa, pini za milimita 8 hadi 10 zatosha. Fundi aanze katikati ya kila upande, avute kwa usawa, kisha aelekee pembeni. Mgongo wa pini ulale sawasawa na kitambaa: ukiinuka haushiki, ukizama hukikata. Asiye na mashine ya pini aweza kutumia vimisumari vifupi vyenye kichwa kipana na kufuata utaratibu huohuo.

Mnunuzi akague nini?

Kabla ya kulipa, mnunuzi ainue mguu mmoja wa mbele wa kochi hadi inchi 6 hivi. Mguu wa pili wa mbele nao ukiinuka, fremu ni imara. Ukibaki sakafuni, fremu inajipinda. Atikise mikono ya kochi na kusikiliza kama inalia. Vilevile aombe kuona fremu kabla haijafunikwa. Fundi mwaminifu hatakataa.

Kwa vikundi vya mafundi

Skrubu, gundi na keekee huongeza gharama mwanzoni, nayo ndiyo sababu baadhi ya mafundi hubaki na misumari pekee. Kwa mujibu wa sheria, halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Vikundi vya walengwa hao vyaweza kupata maelekezo kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata. Mkopo huo hurejeshwa, na kikundi kitaweza kuurejesha ikiwa makochi yake hayarudishwi na wateja.