Bahasha ya Juu ya Kabati

Kazi yangu ni kusoma picha za kifua. Hakuna kilichonitia adabu kama hivi vinundu vya mapafuni.

1. Ulizia kwanza picha ya zamani.
Mzee mmoja, mvuta sigara wa siku nyingi, aliletwa kwa kikohozi. Eksirei ilionyesha kinundu juu ya pafu la kulia. CT-Scan ikakipima milimita 14. Nikaandika kwamba huenda ni saratani, akatwe kinyama kwa sindano kikapimwe. Binti yake akauliza, "Daktari, na ile picha aliyopigwa alipougua TB? Ipo nyumbani, juu ya kabati." Kesho yake akaja na bahasha ya kaki, pembe zimeliwa na mende. Filamu ilikuwa ya miaka 6 nyuma. Nikaiweka kwenye kisanduku cha taa kando ya eksirei mpya: kinundu kilekile, mahali palepale, ukubwa uleule. Lilikuwa kovu la kifua kikuu. Kinundu kigumu kisichokua kwa miaka 2 kwa kawaida hakina ubaya, nami nilikuwa karibu kumchoma mzee wa watu sindano ya kifuani. Ripoti niliiandika upya saa ileile.

2. Rula haidanganyi, jicho hudanganya.
Kinundu kikitoka milimita 8 hadi 10, unaweza kusema hakijakua. Kumbe ujazo wake umekaribia kuwa maradufu. Mwongozo wa jumuiya ya Fleischner wa 2017 kuhusu vinundu vya mapafuni huruhusu kinundu kigumu cha chini ya milimita 6 kiachwe bila kurudiwa picha, iwapo mtu hana hatari kubwa ya saratani. Kikizidi 8, arudi baada ya miezi 3, au apigwe picha ya PET, au akatwe kinyama. Ila mwongozo huo haumhusu aliye chini ya miaka 35, mwenye saratani tayari, wala mwenye kinga iliyodhoofika. Katika zamu zangu, hao ni wengi.

3. Chuchu nayo hutoa kivuli.
Sitaeleza sana, aibu bado ninayo. Siku hizi tunabandika alama ya chuma juu ya chuchu, tunapiga tena.

4. Tazama chokaa imekaa wapi ndani ya kinundu.
Ikiwa katikati, au imeenea kote, napumua. Ikiwa pembeni tu, sipumui. Na kingo zenye miiba hunikosesha raha hata kinundu kikiwa kidogo.

5. Chagua neno.
Nilimwambia mama mmoja, "Una uvimbe kwenye pafu." Kinundu cha milimita 5! Yeye alisikia saratani, akaanza kulia kabla sijamaliza sentensi. Sasa naweka choroko kwenye droo ya meza. Natoa punje moja, namwekea mgonjwa kiganjani, nasema, "Ni kadiri hii." Juzi mama mwingine aliniomba aondoke nayo, akamwonyeshe mumewe.