Kipima Mkwaju cha Gofu: Mambo ya Kujaribu Kabla ya Kulipa

Kipima mkwaju ni kifaa cha elektroniki kinachowekwa kando au nyuma ya mchezaji wa gofu ili kisome namna mpira unavyoondoka kwenye fimbo. Kikiunganishwa na kompyuta, projekta, turubai na zulia la nyasi bandia, hutengeneza simuleta, yaani chumba ambamo mchezaji hupiga mpira kwenye turubai na kuuona ukiendelea kuruka katika picha. Bei za vifaa hivi hutofautiana mno. Garmin Approach R10, kilichotoka mwaka 2021, kiliuzwa Marekani kwa takriban dola 600. Vifaa vya daraja la juu, kama GCQuad cha kampuni ya Foresight Sports, huzidi dola 10,000. Mlaji huvutwa kwanza na takwimu za mikwaju mirefu, kwa kuwa hizo ndizo zinazoonyeshwa dukani na katika matangazo. Somo hili linahusu mikwaju mifupi ya karibu na shimo, ambayo ndiyo hufichua upungufu wa kifaa.

Mikwaju hiyo si jambo dogo. Katika uwanja wa mashimo 18 wenye kiwango cha mikwaju 72, hesabu ya kawaida humpa mchezaji mikwaju miwili ya kuviringisha mpira juu ya grini katika kila shimo. Hiyo ni mikwaju 36, nusu ya mchezo mzima, kabla hata ya kuhesabu ile ya kuinua mpira kutoka pembezoni mwa grini.

Vifaa vyenyewe ni vya namna mbili kuu. Vya rada huwekwa nyuma ya mchezaji na kuufuatilia mpira ukiwa hewani, hivyo ni lazima mpira uruke umbali fulani ndipo kifaa kipate cha kusoma. R10, kwa mfano, huwekwa mita 1.8 hadi 2.4 nyuma ya mpira, na mpira hupaswa kuwa na mita 2.4 mbele yake kabla ya kugonga turubai. Mwenye chumba cha urefu wa mita 4 asihangaike nacho. Vya kamera, kama GCQuad na SkyTrak, huwekwa ubavuni mwa mpira na kupiga picha mfululizo mara fimbo inapougusa. Huhitaji nafasi ndogo zaidi, lakini huona sehemu ndogo tu ya zulia, na mwanga wa jua unaopenya dirishani unaweza kuvisumbua.

Namna zote mbili huonyesha orodha ndefu ya takwimu, zote kwa maandishi ya ukubwa mmoja, kana kwamba zote zimepimwa. Sivyo ilivyo. Mwendokasi wa mpira na pembe ya kuondokea kwa kawaida hupimwa. Umbali wa mpira katika simuleta hukokotolewa daima, kwa kuwa hakuna mpira uliofika huko. Penye utata zaidi ni mzunguko wa mpira: baadhi ya vifaa vya rada, vikitumika ndani ya chumba, huukadiria tu, isipokuwa mpira uwe na alama maalumu zinazoonekana na rada. Katika mkwaju mfupi wa kuinua, mzunguko huo ndio unaoufanya mpira usimame upesi baada ya kutua. Ukikadiriwa, mpira wa pichani husimama pale ambapo programu imedhani. Kwa hiyo muulize muuzaji, naye akujibu kwa maandishi: ni takwimu zipi zinazopimwa ndani ya chumba kwa mipira ya kawaida, na zipi zinazokokotolewa?

Inafaa mnunuzi aelewe pia kwa nini kosa dogo halidhuru mkwaju mrefu bali huharibu mfupi. Tuchukulie, kwa ajili ya hesabu tu, kwamba kifaa kimekosea mwendokasi kwa kilomita 1 kwa saa. Mkwaju mrefu unaoondoka kwa kilomita 230 kwa saa hupata kosa lisilofika nusu ya asilimia moja. Mkwaju wa kuinua unaoondoka kwa kilomita 30 kwa saa hupata kosa la zaidi ya asilimia 3, na kwa kuwa umbali hukua kwa kipeo cha pili cha mwendokasi, umbali hukosewa kwa karibu asilimia 7. Mkwaju wa kuviringisha unaoondoka kwa kilomita 6 kwa saa ndio huumia zaidi. Mpira ambao ungesimama kwenye mita 2.5 utaonyeshwa ukipita hapo kwa karibu sentimita 90, ilhali shimo lenyewe lina kipenyo cha milimita 108.

Tena, matokeo ya mkwaju wa kuviringisha hutegemea kasi ya grini iliyochaguliwa kwenye programu. Viwanjani kasi hiyo hupimwa kwa Stimpmeter, kifaa chembamba chenye mfereji kilichobuniwa na Mmarekani Edward Stimpson mwaka 1935: mpira huachiwa kutoka kwenye mfereji, na futi unazoviringika ndiyo kasi. Uliza imewekwa namba gani. Uliza pia kama programu inapima mikwaju hiyo kweli, kwa maana zipo zinazomwandikia mchezaji mkwaju mmoja au miwili kwa kuangalia tu umbali wa mpira kutoka shimoni.

Upo udanganyifu mwingine ambao kifaa hakina hatia nao. Fimbo ikigusa zulia sentimita chache nyuma ya mpira, huteleza na kuufikia mpira vizuri. Kwenye nyasi halisi ingezama udongoni, na mpira ungesogea hatua chache. Kifaa kimeusoma mpira sawasawa, ila kosa la mchezaji limefichwa na zulia.

Jaribio lenyewe halihitaji utaalamu. Omba kifaa kitolewe nje, ikiwezekana kwenye grini ya mazoezi ya klabu yako, iwe Gymkhana ya Dar es Salaam, Lugalo au kwingineko. Tandaza taulo kwenye mita 5, 10 na 20, upige mipira 10 kuelekea kila moja kwa fimbo yako mwenyewe. Mtu wa pili aweke alama pale kila mpira unapotua, apime kwa futi kamba, na aandike kando yake umbali uliotolewa na kifaa. Aandike pia mikwaju ambayo kifaa hakikuisoma kabisa. Hiyo isiachwe kwa kisingizio kwamba haikupigwa vizuri. Kwa maoni yetu, kifaa kinachopunguza nusu mita kila mara kinaweza kuzoeleka. Kinachozidisha mara hii na kupunguza mara ijayo hakifai kufundishia mkono, hata kama wastani wake ni sahihi.

Kuhusu malipo, bei ya kifaa si gharama yote. Viwanja vya kuigiza vya Home Tee Hero vya Garmin, kwa mfano, hufunguliwa kwa ada inayojirudia, na kampuni nyingine nazo zina utaratibu kama huo. Taka kujua ni takwimu zipi zitakazobaki ukiacha kulipa. Anayeagiza kutoka nje akumbuke ushuru wa forodha na Kodi ya Ongezeko la Thamani, ahakikishe chaja inakubali volti 230, na aulize kama udhamini wa mtengenezaji unatambuliwa Tanzania au kifaa kibovu kitarudishwa ng'ambo kwa gharama yake.

Sheria ya Ushindani, Namba 8 ya mwaka 2003, inakataza mwenendo wa kibiashara unaopotosha au kudanganya. Ili mlaji aweze kuitumia, ahadi za muuzaji ziandikwe kwenye ankara kwa maneno bayana, kwa mfano: «kinapima mzunguko wa mpira ndani ya chumba kwa mipira ya kawaida». Jaribio likifanyika mbele ya muuzaji, mwombe atie saini karatasi ya matokeo, nayo ihifadhiwe pamoja na risiti.