Haki ya Makao: Nani Asaidiwe Kwanza?



Katika maelezo ya amri ya saba mmekwisha kufundishwa kwamba kuiba si kuchukua tu mbuzi wa jirani usiku. Mtu aweza kumnyima mwenzake haki yake mchana kweupe, mbele ya watu wote, wala asiwepo atakayemwita mwizi. Leo tutatazama jambo moja la namna hiyo, yaani makao. Tutauliza hivi: serikali inapotaka kuwasaidia watu wanaoshindwa kupata nyumba, msaada huo ugawanywe kwa namna gani ili uwe wa haki?

Msiseme: "Hayo ni mambo ya mjini, sisi tunakaa kijijini." Watoto wenu wako mjini, au watakwenda kesho. Tena mtaona mwishoni mwa somo hili kwamba hata kijijini jambo hilo lipo.

I. Makao ni haki ya mtu

Nyumba si kuta na paa tu. Ndani yake mume na mke huishi kwa amani, watoto hulelewa, mgonjwa hutunzwa, na mzee hufa kwa heshima katikati ya watu wake. Mtu asiye na mahali pa kukaa hawezi kutunza vema hata kile kidogo alicho nacho. Mvua humlowesha, mtoto wake hapati mahali pa kuandika masomo, na kila mwisho wa mwezi roho yake haitulii.

Kwa hiyo Papa Yohane XXIII, katika barua yake iitwayo Pacem in terris ya mwaka 1963, alipohesabu mambo ambayo kila mtu anayastahili ili aishi kibinadamu, aliyataja makao pamoja na chakula na mavazi. Nchi yetu nayo imeandika vivyo hivyo: Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, katika kifungu cha 48, inaithibitisha haki ya kuwa na makao yanayofaa.

Basi angalieni vema: tunasema haki, hatusemi sadaka. Sadaka mtu hutoa akipenda, na anayepewa hushukuru. Lakini haki ni deni, na deni hulipwa.

II. Kwa nini mjini ni vigumu kupata nyumba?

Kijijini kijana anayetaka kuoa huenda kwa wakubwa wa ukoo, naye huonyeshwa mahali. Hukata miti msituni, hukata majani porini, na ndugu zake huja kumsaidia kukandika udongo. Mke wake na shemeji zake huwapikia wajenzi, na kabla ya mvua nyumba imesimama. Ametoa jasho lake, lakini fedha alizotoa ni chache.

Mjini kila kitu ni fedha. Kiwanja, ambacho watu wa mjini hukiita parseli, kinanunuliwa. Matofali, mabati, simenti na misumari vinanunuliwa, na maji ya kukorogea simenti vilevile. Ndugu wako mbali, nao waliokuja mjini wanahangaika na kazi zao. Basi tusimdharau mtu wa mjini asiye na nyumba, na kusema kwamba ni mvivu. Huenda anafanya kazi tangu alfajiri hadi usiku, lakini mshahara wake huishia katika chakula na katika kumlipa mwenye nyumba.

III. Mambo yaliyofanyika Kongo zamani

Baada ya vita ya mwaka 1945 watu wengi sana waliingia mijini. Mji wa Léopoldville, ambao leo unaitwa Kinshasa, ulikuwa na watu wapatao 50,000 mwaka 1940. Kufikia mwaka 1960 walikuwa wapata 400,000. Nyumba hazikutosha. Serikali ya Wabelgiji ikatafuta njia, nasi tutazitazama tatu.

Njia ya kwanza ni nyumba zilizojengwa na serikali. Mwaka 1952 iliundwa ofisi iliyoitwa kwa Kifaransa Office des Cités Africaines, au OCA. Ofisi hiyo ilijenga maelfu ya nyumba za matofali, kama kule Matete na Bandalungwa mjini Léopoldville, Ruashi mjini Élisabethville (leo Lubumbashi), na Bagira mjini Bukavu. Nyumba zile zilikuwa imara, na watu wanakaa ndani yake hata leo. Lakini aliyetaka kuinunua alipaswa kulipa kidogo kidogo kila mwezi, kwa miaka mingi. Kwa hiyo zilimfaa zaidi yule mwenye mshahara wa kudumu.

Njia ya pili ni mkopo wa vifaa. Kule Élisabethville mkuu mmoja wa serikali, Grévisse, aliwaachia watu kujijengea wenyewe. Mtu alipewa kiwanja na kukopeshwa vifaa vya kujengea, kisha akajenga kwa nguvu zake au kwa fundi aliyemchagua. Hivyo ndivyo ulivyokua mtaa wa Katuba. Njia hii iliwafikia watu wengine ambao mshahara wao ulikuwa mdogo, maana nguvu za mikono zilihesabiwa kama fedha.

Njia ya tatu ni Mfuko wa Mfalme, ulioanzishwa mwaka 1955, mwaka ule Mfalme Baudouin alipoitembelea Kongo. Fedha zake zilikusudiwa kuwasaidia wale ambao mapato yao hayakutosha kununua nyumba wala kurudisha mkopo. Jambo hili lina fundisho kubwa. Kama nyumba za serikali na mikopo zingaliweza kumfikia kila mtu, mfuko huo ungalikuwa wa nini? Kuundwa kwake kulionyesha kwamba walikuwapo watu waliobaki nje.

Lakini tusifiche kosa lililokuwa ndani ya mipango hiyo yote. Mwafrika hakuchagua mwenyewe mahali pa kukaa mjini: mitaa yake ilitengwa mbali na mitaa ya Wazungu, na alihitaji kibali ili akae mjini. Katika kambi za migodi nyumba ilikuwa mali ya kampuni. Aliyeachishwa kazi aliiacha na nyumba. Mtu anayepewa paa bila kuulizwa neno amepata msaada, lakini heshima yake bado haijatimizwa.

IV. Tufanye hesabu kidogo

Tuwaweke watu watatu katika mji mmoja. Majina na hesabu ni za somo tu. Petro ni karani, hupata franka 2,000 kwa mwezi. Yohana huwabebea waashi matofali, hupata franka 800. Maria ni mjane mwenye watoto wanne. Huuza mboga, siku nyingine hupata franka 30, siku nyingine hapati kitu.

Serikali inatangaza: "Nyumba zipo. Kila mtu anaruhusiwa kununua. Malipo ni franka 400 kila mwezi." Petro analipa, anabaki na franka 1,600, anaishi vizuri. Yohana akilipa anabaki na franka 400. Nusu ya jasho lake imekwisha kabla hajanunua chumvi. Maria hapokelewi hata kidogo, maana hana karatasi ya mshahara.

Je, serikali imempendelea mtu? Mbele ya macho, hapana; tangazo lilikuwa moja kwa wote. Mlango ulikuwa wazi, lakini kizingiti kilikuwa juu, na mwenye miguu mirefu peke yake aliweza kukivuka. Fedha zilizotoka katika kodi ya watu wote, hata katika ushuru wa soko aliolipa Maria, zimemjengea Petro.

Basi, je, tumfukuze Petro? La. Petro naye anahitaji nyumba. Haki ni kumpa kila mmoja njia inayolingana na nguvu zake. Petro akopeshwe, arudishe yote. Yohana apewe kiwanja na vifaa, alipe polepole, aongeze chumba mwaka kwa mwaka. Maria apangishiwe nyumba kwa bei anayoiweza, na mfuko wa wote ulipe sehemu inayobaki. Mama mwenye watoto wa umri mbalimbali hawapimii chakula kwa kijiko kimoja. Humtazama kila mtoto. Hata hivyo wote hula katika chungu kimoja.

V. Mambo ya siku hizi

Baada ya uhuru wa mwaka 1960 watu waliendelea kuingia mijini, nao wengi walijijengea wenyewe, penye mpango na pasipo mpango. Leo Kinshasa una watu zaidi ya milioni 10. Sheria ya tarehe 20 Julai 1973 inasema kwamba ardhi yote ni mali ya serikali. Mtu hupata ruhusa ya kuitumia, nayo huthibitishwa kwa hati. Aliye na fedha na elimu huijua njia ya ofisi, hupata hati yake. Maskini hununua kiwanja kwa neno la mdomo au kwa kikaratasi, kisha siku moja huambiwa: "Hapa si pako." Kumbukeni habari ya Nabothi katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 21: mfalme alipotamani shamba lake, karatasi zilizopigwa mhuri hazikukosekana, haki ndiyo iliyokosekana.

Mzigo mwingine ni dhamana ambayo mpangaji huiweka kabla ya kuingia nyumbani. Watu huiita garanti. Sheria ya tarehe 31 Desemba 2015 iliiwekea mpaka: mjini Kinshasa, kwa nyumba ya kukaa, isizidi malipo ya miezi 3. Lakini wenye nyumba wengi hudai zaidi, naye mpangaji hunyamaza, maana nyuma yake wako wengine kumi wanaoitafuta nyumba ile ile. Hapa tunajifunza kwamba sheria njema peke yake haitoshi. Nyumba zikiwa chache, mnyonge hataweza kuidai haki yake. Anayetaka kuwasaidia wapangaji na aitunze sheria, tena aongeze viwanja vyenye hati, maji na njia, ili nyumba ziongezeke.

VI. Mashaka mawili

Mtu atasema: "Mimi nilijenga kwa jasho langu. Kwa nini mjane apunguziwe bei?" Tunamjibu: hukunyang'anywa kitu. Wale wafanyakazi wa shamba la mizabibu katika Injili ya Mtakatifu Matayo, sura ya 20, walinung'unika vivyo hivyo, na bado walikuwa wamepata mshahara wao mzima. Aliyeshiba hamjui mwenye njaa. Tena, kazi yako ilifanikiwa kwa sababu ulikuwa na afya, na ulipata mwajiri. Kesho mke wako aweza kuwa mjane.

Mwingine atasema: "Basi mwenye nyumba ni mbaya siku zote." La, haki ina pande mbili. Wenye nyumba wengine ni wazee wasio na pato lingine. Mpangaji asiyelipa kwa ukaidi, au anayeharibu mlango na kuhama usiku, yeye naye amevunja amri ya saba. Na bei ikilazimishwa kuwa ndogo mno, mwenye nyumba ataacha kuitengeneza, au hataipangisha tena, na maskini watazidi kukosa. Kwa hiyo mzigo wa kumsaidia maskini usimlemee mwenye nyumba mmoja peke yake. Ni deni la watu wote, nao wote waubebe, kila mtu kwa kadiri yake.

VII. Na sisi kijijini?

Tazameni mashamba na viwanja vinavyogawanywa kwenu. Ni nani hupata mahali pazuri karibu na maji? Je, mgeni aliyekimbia vita anaonyeshwa bonde la matope? Mume akifa, je, ndugu zake huja kuvua mabati na kumtoa mjane pamoja na watoto? Hii ndiyo siasa ya makao ya kijiji chenu, ingawa haikuandikwa katika karatasi. Hamwezi kuwahukumu wakubwa wa mjini ikiwa mjane wa kwenu analala jikoni mwa jirani.

Maswali na majibu

1. Makao ni sadaka au haki?
Ni haki ya kila mtu, kwa sababu bila makao mtu hawezi kuishi kibinadamu wala kulea watoto vema.

2. Je, kutangaza msaada kwa wote kunatosha ili uwe wa haki?
Hakutoshi. Ni lazima kutazama nani anaweza kuufikia, na nani anabaki mlangoni.

3. Nani atazamwe kwanza?
Yule ambaye njia nyingine zote zimemfungia, bila kuwasahau wengine.

4. Mpangaji ana wajibu gani?
Kulipa kwa uaminifu na kuitunza nyumba isiyo yake kama iliyo yake.

Kusudi la juma hili

Kila mmoja amtafute katika kijiji chake mtu mmoja ambaye nyumba yake haitapita masika. Wanaume wakate miti na majani, wanawake na watoto walete maji na udongo. Msimuulize mtu huyo atawalipa nini. Muulizeni anataka mlango wake utazame upande gani.